Denon AVR-X1700H: inapima sebule vizuri, ila majibu yake yasome mwenyewe

Ndani ya boksi la Denon AVR-X1700H, risiva ya kuendesha spika za sebuleni, chini ya rimoti na antena, kuna kimaiki cheusi chenye umbo la mnara mdogo. Nimeingia kwenye nyumba za watu wenye risiva nzuri kabisa nikakikuta bado kimefungwa kwenye nailoni yake. Inaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya pesa waliyotoa imelala mle. Kwamba risiva hii ina chaneli 7, wati 80 kwa spika ya omu 8 zikipigwa spika mbili, mifumo ya sauti ya kuzunguka ya Dolby Atmos na DTS:X, na matundu 6 ya kuingizia HDMI, hayo utayasoma kwenye boksi. Mimi nataka kuandika kinachotokea ukishachomeka kimaiki, maana hapo ndipo panapoamuliwa kama utasikia maneno ya wahusika au utasikia kishindo tu.

Nyumbani kwetu jambo hili lina uzito. Mama mkwe wangu anaishi nasi, masikio yake yamepungua nguvu, na hakuna mtu mle ndani anayependa tamthilia na taarifa ya habari kama yeye. Kila jioni alikuwa na swali moja: "Wanasema nini hao?" Mume wangu anaongeza sauti, maneno yanasikika, halafu linaingia tangazo au bunduki inalia, madirisha ya alumini yanatetemeka na mtoto anaamka. Risiva na spika za kuzunguka tulizinunua kwa ajili ya Mama kuliko kwa ajili ya sinema. Kwa hiyo nimeipima kwa jambo moja: je, Mama anapata maneno bila sisi wengine kuumizwa masikio?

Sebule yenyewe ni ya kawaida hapa Tabata: mita 5 kwa 4, kuta za bloku zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae, dari la jipsamu. Mbele kuna spika mbili za kusimama, chini ya TV kuna ya kati, pembeni mbili ndogo za ukutani, na sabufa (spika ya besi) ya inchi 10. Yaani 5.1: spika tano na sabufa moja. Chaneli mbili zinazobaki kwenye risiva zinaweza kuendesha spika za darini siku moja, ila leo siziongelei.

Programu ya kupima inaitwa Audyssey MultEQ XT. Audyssey ni kampuni ya Los Angeles iliyoanzishwa mwaka 2002 na watu waliotoka Chuo Kikuu cha Southern California, akiwamo Tomlinson Holman, yule yule aliyebuni THX, viwango vya sauti vya kumbi za sinema. Inavyofanya kazi ni hivi: risiva inapiga mlio mfupi unaopanda kutoka kwenye kila spika, kimaiki kinausikiliza, unakihamisha, inapiga tena. Daraja hili la XT linakubali kuhamisha kimaiki hadi sehemu 8. MultEQ ya kawaida huishia 6. Mwisho inatoa hesabu ya mambo manne: spika gani zipo na zinashuka mpaka wapi kwenye besi, kila moja iko mbali kiasi gani, inapiga kwa nguvu kiasi gani, na chumba kinaiharibu vipi sauti yake. Kisha inatengeneza vichujio vya kusahihisha.

Pima mtaa ukiwa umetulia. Kwetu ni baada ya saa nne usiku, baa ya jirani ikiwa imepunguza muziki na bodaboda zimeadimika. Zima feni, zima AC, na kama friji iko chumba hicho hicho ichomoe kwa muda huo. Kelele ikizidi, programu inasimama na kutoa onyo, lakini usingoje onyo ndipo uzime feni. Watoto walale, mbwa awe nje, na wewe mwenyewe usisimame kati ya kimaiki na spika. Ukiwa na jirani wa ukuta mmoja, mtaarifu mapema. Mlio wa sabufa unapita kwenye bloku.

Kimaiki kikae urefu wa sikio la mtu aliyekaa, ncha ikitazama dari. Stendi ya karatasi ngumu inayokuja nacho inafaa sakafuni au mezani, lakini kwenye kochi la sponji inayumba, kwa hiyo nilitumia stendi ya kamera ya miguu mitatu. Usikishike mkononi wala kukilaza kwenye mto. Mgongo wa kochi ukiwa mrefu kuliko sikio, nyanyua kimaiki kidogo au kisogeze mbele, la sivyo kitapima mwangwi wa ngozi ya kochi.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi: sehemu ya kwanza unayokiweka kimaiki ndiyo inayotoa hesabu ya umbali na nguvu ya spika zote. Nyingine saba zinasaidia kusahihisha mlio wa chumba, basi. Kila maelekezo yatakwambia sehemu ya kwanza iwe katikati ya kochi. Kwetu katikati anakaa mume wangu, ambaye anasikia vizuri hata akiwa jikoni. Mimi niliiweka kona ya kushoto, anapokaa Mama. Kona hiyo iko mita 2.1 kutoka spika ya kushoto na mita 3.0 kutoka ya kulia. Kwenye nyuzi joto 20 sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, na kwenye joto letu la nyuzi 30 inakaribia 349, kwa hiyo tofauti hiyo ya sentimita 90 ni kama milisekunde 2.6. Ni muda mdogo, ila sikio linauona: bila kusahihishwa, kila kitu kinavutwa kwenye spika iliyo karibu. Baada ya kupima, risiva inaichelewesha spika ya kushoto na kuipunguza nguvu, na pale alipokaa Mama, sauti ya mtangazaji inatoka kwenye TV, kwenye mdomo wa mtangazaji. Mume wangu hajalalamika.

Sehemu zilizobaki nilizizungusha karibu na hiyo ya kwanza, zote ndani ya sentimita 60 hivi: kushoto, kulia, mbele kidogo, juu kidogo. Usitembee na kimaiki hadi kwenye kiti cha mlangoni eti kwa vile na huko huwa anakaa mtu. Ukitawanya sana unaipa programu vyumba viwili tofauti na kuiomba jibu moja. Ukutani pia usikisogeze, maana besi hujikusanya pale.

Baada ya hapo ingia kwenye menyu ya spika, upande wa kurekebisha kwa mkono, usome kila ilichoandika. Hapa ndipo sifa na lawama zangu zilipo.

Umbali ilipima sawasawa. Nilichukua futi kamba na kulinganisha, spika tano zote zikaja karibu kabisa na kipimo changu. Sabufa ndiyo ilinishangaza: futi kamba inasema mita 3.1, risiva imeandika 4.5. Wengi wakiona hivyo huandika namba ya futi kamba. Tafadhali, iache ilivyo. Sabufa ina amplifaya na saketi zake za ndani, na saketi hizo huchelewesha sauti kabla haijatoka. Risiva haina futi kamba. Inajua muda tu. Imesikia kwamba besi inafika ikiwa imechelewa milisekunde 4 za ziada, ikazigeuza kuwa mita 1.4 za ziada ili spika nyingine ziisubiri. Ukiifuta namba hiyo, besi ya sabufa na besi ya spika za mbele hazitafika pamoja, zitakatana pale zinapokutana, na mlio wa ngoma utapoa. Hapo risiva iko sahihi kuliko futi kamba.

Nguvu za spika nazo ilizipanga vizuri. Kila spika ina nafasi ya kupandishwa au kushushwa desibeli 12, kwa hatua ya nusu desibeli. Cha kuangalia ni sabufa. Ukikuta imeandikwa -12, ujue risiva imefika mwisho wa kamba na huenda bado sabufa inazidi. Punguza kitufe cha sauti nyuma ya sabufa, upime upya. Kabla ya kupima, kitufe cha krosova cha sabufa (krosova ni mpaka wa kugawana besi kati ya spika na sabufa) kifungue hadi mwisho, kile cha fezi, yaani mwelekeo wa mtetemo wa koni, kiwe sifuri, na sauti iwe katikati. Yetu ilisoma -4.5, na hapo hakuna wasiwasi.

Ikitoa onyo la fezi kwenye spika fulani, kagua kwanza kama waya mwekundu na mweusi havikubadilishana. Vikiwa sawa, mwambie iendelee. Kuna spika ambazo ndani zimefungwa kwa namna inayoichanganya.

Lawama yangu kubwa ni kwenye ukubwa wa spika. Risiva ilipima spika zetu za kusimama, ikaona zinashuka chini kabisa kwa msaada wa kuta, ikaziandika "Large". Kijana fundi aliyekuja kutufungia spika za ukutani aliliona neno lile kwenye skrini akafurahi.

"Dada, hizo ziache hivyo hivyo. Spika kubwa kama hizi ukiziandika Small unazidharau."

"Mdogo wangu, hapo haipimi urefu wa spika. Inauliza nani abebe besi."

Na ndivyo ilivyo. "Large" maana yake: spika hii ipewe kila kitu, hata besi ya chini kabisa ya hezi 20 (hezi ni mitetemo kwa sekunde). "Small" maana yake: besi ya chini ya krosova iende kwenye sabufa. Spika ikitakiwa kushuka oktavu moja chini (nusu ya hezi) kwa sauti ile ile, koni yake lazima itembee mara 4 zaidi. Ukiifanya ipige mngurumo wa hezi 30 huku inatoa pia sauti ya mtu, ni kumbebesha mtu gunia la mahindi huku anahutubia. Na wati 80 za risiva zinaliwa na besi hiyo wakati sabufa yenye amplifaya yake imekaa bure. Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ndiyo nzito: kwenye daraja hili la XT, vichujio vya chaneli ya sabufa ni vya kina zaidi kuliko vya spika nyingine. Besi ikipitia sabufa inasahihishwa vizuri. Ikibaki kwenye spika za mbele inasahihishwa kwa juu juu.

Kwa hiyo niliziandika zote "Small", krosova hezi 80. Spika ndogo za pembeni risiva ilizipendekezea hezi 120, nikaziacha hapo. Kanuni ya krosova ikae kichwani: kupandisha juu ya namba iliyopendekezwa hakuna tatizo, kushusha chini yake usifanye. Audyssey haisahihishi spika chini ya pale ilipoona inaishiwa nguvu, kwa hiyo ukishusha unaipeleka spika mahali isipopaweza na ambapo hakuna kichujio kinachoisaidia. Na ile chaneli maalumu ya besi ya filamu, iliyoandikwa LFE, kichujio chake kiache kwenye hezi 120. Hicho ni kitu kingine kabisa na krosova ya spika.

Fundi alisikiliza kipande kimoja cha dansi kwa namna zote mbili. Gitaa la besi likatulia, sauti ya mwimbaji ikasogea mbele. Aliondoka akisema atakwenda kuangalia na ya kwake.

Sasa maneno, yaliyotuleta hapa. Kwa kawaida Audyssey inachonga bonde dogo kwenye sauti za katikati, karibu na hezi 2,000. Wana sababu yao: spika nyingi hubadilishana hapo kati ya koni kubwa na ile ndogo ya juu, na sauti inayotawanyika chumbani huwa si nzuri. Lakini hezi 2,000 ni eneo ambalo konsonanti za binadamu zinaishi. Mtu mwenye masikio kama ya Mama, ukimnyang'anya hata kidogo hapo, "kata" na "pata" vinakuwa kitu kimoja. Kwenye menyu ya risiva hakuna swichi ya kulifukia bonde hilo peke yake. Unahitaji programu ya simu, MultEQ Editor, inayouzwa kama dola 20 za Marekani. Unapima kwa kimaiki kile kile, matokeo yanakaa kwenye simu, unazima fidia hiyo ya katikati, kisha unairushia risiva. Naona si haki kwamba kitu hiki kinalipiwa pembeni baada ya kununua mashine yenyewe, na nasema hivyo huku nikiwashauri mlipie. Hakuna mpangilio mwingine uliomsaidia Mama kama huu.

Programu hiyo inakuruhusu pia kuchora mwelekeo wa sauti unaoutaka na kuamua usahihishaji uishie hezi ngapi. Nimeuzuia usipite hezi 500 kwenye spika za mbele, kwa kuwa juu ya hapo tabia ya spika yenyewe naipenda. Ya kati nimeiacha isahihishwe yote, maana imebanwa kwenye kabati la TV na mbao inaikwaza.

Halafu nikaongeza desibeli 1.5 kwenye spika ya kati. Kwa mtu asiyesikia vizuri hiyo ni haki yake, na hakuna sheria inayokataza.

Namba ya sauti kwenye skrini nayo ina maana yake. Denon inaweza kuionyesha kutoka 0 hadi 98, au kwa desibeli. Ukishapima kwa kimaiki, 80 ni sawa na desibeli 0, na hicho ndicho kiwango cha kumbi za sinema: pale ulipokaa, kilele cha kila chaneli kinaweza kufika desibeli 105, na cha chaneli ya besi 115. Sebuleni hakuna anayekaa huko. Sisi tuko 55 hadi 60. Sauti ikishushwa hivyo, masikio ya binadamu hupoteza besi haraka kuliko sauti za katikati, jambo ambalo Fletcher na Munson walilionyesha tangu mwaka 1933. Dynamic EQ ya Audyssey ipo kurudisha kilichopotea, ikipandisha besi kadiri unavyoshusha sauti.

Kwa filamu naipenda sana. Kwa vipindi vya TV, ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, inazidisha, kwa sababu inadhani kila kitu kimechanganywa kwa kiwango cha sinema. Kuna mpangilio wa kupunguza wenye hatua 0, 5, 10 na 15. Sifuri ni ya filamu, 10 inafaa vipindi vya TV, na 15 ni ya muziki wa kisasa uliobanwa sauti yote juu. Kwa king'amuzi tumeweka 10. Jambo jingine la kujua ni kwamba Dynamic EQ inapandisha pia spika za pembeni ukishusha sauti, na kwenye mechi ya Simba na Yanga mashabiki wanaweza kummeza mtangazaji. Nimezishusha za pembeni desibeli 2. Muziki wa taarabu nausikiliza nikiwa nimeizima kabisa. Fidla na ganuni vinapumua vizuri bila kusaidiwa.

Vipindi vyetu vingi vinakuja kwa stirio. Ukichagua Dolby Surround, risiva inayatoa maneno kwenye chaneli mbili na kuyaweka kwenye spika ya kati, na hapo ndipo zile desibeli 1.5 zinapofanya kazi. Ukiacha kwenye stirio, spika ya kati inanyamaza na umepoteza faida yote.

Kuna ambayo hakuna kimaiki kitakachoyaponya. Piga kofi katikati ya sebule ya vigae na bloku: ule mlio unaorukaruka ukutani utaubaki nao hata upime usiku kucha. Kichujio kinabadilisha kinachotoka kwenye spika, hakiwezi kuufuta mwangwi uliokwisha kuzaliwa chumbani. Tuliweka zulia nene kati ya TV na kochi, mapazia mazito kwenye madirisha, na kabati la vitabu nyuma. Kisha nikapima upya, kwa sababu chumba kimekuwa kingine. Zulia peke yake lilisaidia maneno kwa namna ambayo Mama aliitaja kabla sijamuuliza.

Besi nayo ina sheria za chumba. Sebule ya mita 5 kwenye joto letu inaitikia hezi 35, ambazo wimbi lake lina urefu wa mita 10, mara mbili ya chumba. Ukikaa katikati kabisa ya urefu huo, hezi 35 hazisikiki. Ukibandika kochi kwenye ukuta wa nyuma, zinajaa mpaka zinakera. Risiva inaweza kupunguza kilichozidi, lakini shimo hailijazi, itaichosha sabufa bure. Tulilivuta kochi mbele ya ukuta kama urefu wa mkono. Sabufa nayo niliiweka kwa muda kwenye kiti cha Mama, nikapiga wimbo wenye besi ndefu, nikazunguka sebule nikiwa nimeinama hadi nikapata mahali besi iliposikika sawa kila noti. Hapo ndipo ilipohamia. Fanya hivyo kabla ya kupima, maana sabufa ikihama vipimo vyote vya besi vimekwisha.

Kwa chumba kama hiki na watu kama sisi, naisifu mashine hii. Yamaha wana programu yao ya kupima, YPAO, Pioneer walikuwa na MCACC, na risiva za bei ya juu zinakuja na Dirac ya Uppsala, Sweden, inayokupa uhuru mkubwa zaidi. Mwenye chumba kilichotengwa kwa sinema na sabufa mbili atafute daraja la juu, lenye MultEQ XT32, kwa kuwa X1700H ina matundu mawili ya sabufa yanayotoa kitu kimoja. Haiwezi kuzichelewesha kila moja kivyake. Kwa sebule ya familia sioni sababu ya kuongeza pesa hiyo.

Ukiinunua iliyotumika, dai kimaiki chake. Usiazime cha mashine ya kampuni nyingine, hata kama jeki inaingia, kwa sababu programu inajua tabia ya kimaiki chake tu na itasahihisha makosa ambayo hayapo. Ukiagiza Dubai au Ulaya, ya huko ni ya volti 230 na inaingia kwetu moja kwa moja. Ya Marekani ni ya volti 120. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa nyuma ya risiva, na ukijumlisha bei ya transfoma nzuri, ile nafuu uliyoiona imeshapungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka.